Udzungwa kwa miguu: njia ipi kwa mnyama yupi

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara ndani yake. Hakuna gari la kutalii wala picha za kupigia dirishani. Unalipa getini Mang'ula, unapewa mwongozaji, unapanda kwa miguu. Ndiyo maana thamani ya unacholipia inategemea zaidi njia uliyochagua kuliko kitu kingine chochote. Aliyefuata maji ya kuoga akachagua maporomoko ya Sanje amepata. Aliyefuata wanyama wasioonekana kwingine duniani, kisha akachagua Sanje kwa kufuata mkumbo, atawaona baadhi yao na wengine atawaacha mita elfu moja juu ya kichwa chake.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Inaanzia kama mita 250 juu ya usawa wa bahari, pembezoni mwa bonde la Kilombero, na kufika mita 2,576 kwenye kilele cha Luhomero. Upande wa mashariki, unaopokea mvua ya kutoka bahari ya Hindi, msitu wa Mwanihana unapanda bila kukatika tangu bondeni hadi karibu na kilele cha Mwanihana. Hilo ni adimu Afrika Mashariki, kwa sababu misitu ya chini ya milima mingi imekwisha kugeuzwa mashamba. Upande wa magharibi mvua ni haba, na huko utakuta miombo na nyasi. Kila mnyama ana ngazi yake kwenye mteremko huu, na njia za kutembea zinagusa ngazi tofauti.

Tuanze na njia fupi, ile ya Prince Bernhard. Inaanzia makao makuu Mang'ula na haifiki saa moja. Wengi huidharau, lakini kwa mbega mwekundu wa Udzungwa hatujaona sababu ya kupanda zaidi. Mbega huyu, mwenye utosi mwekundu na mgongo mweusi, anaishi kwenye milima hii na misitu michache ya jirani pekee. Chakula chake kikubwa ni majani machanga, na majani humeng'enywa polepole, kwa hiyo anakaa sana. Asubuhi kundi hupanda juu ya miti kuota jua, na ukiwa pembezoni mwa msitu unaliona vizuri kuliko ukiwa chini ya miti, ambako utaangalia makalio tu. Mara nyingi atakuwa pamoja na mbega mweusi na mweupe au kima. Anza saa moja asubuhi, simama dakika kumi mahali pamoja, sikiliza matawi. Anayetembea bila kusimama huwapita.

Njia ya Sonjo ni ya saa mbili hivi na ina maporomoko mawili madogo. Ni nzuri kwa familia yenye watoto. Kwa wanyama haiongezi kikubwa.

Sanje yenyewe inaanzia kituo cha Sanje, kaskazini mwa Mang'ula, kwa hiyo weka gari au bodaboda kwenye hesabu. Maji yanaanguka mita 170 kwa hatua tatu, na mzunguko mzima huchukua kama saa nne ukijumlisha kuoga na kupumzika. Juu unaliona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yamefika karibu na miguu ya mlima. Ukitaka kuelewa kwa nini msitu wa chini ni mali adimu, simama hapo. Njia ni ya mteremko mkali, mawe yana ukungu na mizizi inateleza. Viatu vyenye soli iliyolika ndivyo vinavyoangusha watu, hasa wakati wa kushuka. Beba maji lita mbili hadi tatu kwa kila mtu.

Lakini Sanje ina kitu ambacho waendao kuoga hawaulizi: mangabei wa Sanje, aina ya nyani. Sayansi ilimtambua mwaka 1979, baada ya mtafiti kusikia mlio asioujua msituni. Anapatikana katika misitu miwili tu, Mwanihana na ule wa mteremko wa Uzungwa upande wa kusini. Tofauti na mbega, huyu hutumia muda mwingi ardhini, akipekua majani makavu kutafuta mbegu ngumu, uyoga na wadudu, na taya zake zinavunja kokwa ambazo kima hawezi. Kundi hutawanyika na kutembea mbali kwa siku, hivyo kumtafuta kwa bahati ni kupoteza asubuhi. Lipo kundi lililozoeshwa watu kwa ajili ya utafiti. Uliza siku moja kabla, ofisini, kama linaweza kufuatwa na lililala upande gani, na ueleze wazi kwamba unakwenda kwa ajili ya mangabei, vinginevyo utapelekwa moja kwa moja kwenye maji. Mwongozaji akijua, mpango mzima hubadilika: mnaondoka alfajiri, mnatembea kimya, na maporomoko yanakuwa ya mwisho. Mwenye mafua abaki nyumbani. Magonjwa yetu ya kifua huwapata nyani na kima kwa urahisi. Umbali wa mita kumi unatosha, na chakula kisitolewe kwenye mfuko mbele yao.

Kwa wapenda ndege na wanyama wa juu, huduma ya kununua ni njia ya Mwanihana: kilomita 38, siku tatu, usiku mbili msituni, ukisindikizwa na askari mwenye silaha kwa sababu tembo na nyati wapo. Hapa ndipo ngazi zinapoonekana moja baada ya nyingine: miti mirefu ya chini, kisha msitu wa baridi wenye kuvu na ferni, kisha mianzi. Kuanzia karibu mita elfu moja fungua macho kwa chozi mwenye mabawa mekundu-kahawia, ndege aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 1983 na asiyejulikana nje ya milima hii. Hufuata maua, kwa hiyo kaa karibu na mti uliochanua badala ya kumfukuza. Minde naye yupo. Ni paa mweusi wa misitu ya milima ya Tanzania, mwenye kishungi chekundu utosini, ambaye hutembea zaidi usiku. Picha ya kwanza ya minde porini ilipatikana mwaka 2003, tena kwa kamera ya mtego, inayojipiga yenyewe mnyama akipita. Usilipe ukitegemea kumwona. Utaona nyayo na vinyesi, na huo ni ushahidi wa kutosha kwa anayejua.

Na hapa lazima tuseme wazi kuhusu majina yanayovutia watu. Kipunji, nyani aliyetangazwa mwaka 2005, anaishi Rungwe na Kitulo na, kwa upande wa Udzungwa, msitu wa Ndundulu, ulio mbali na njia hizi. Kwale wa Udzungwa aligunduliwa mwaka 1991, pale watafiti walipoona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya kambi. Makao yake ni Ndundulu, Luhomero na Nyumbanitu. Sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, aliyetangazwa mwaka 2008 na mwenye uzito wa gramu 700 hivi, anajulikana zaidi kutoka Ndundulu na Luhomero. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayepaswa kuwa sababu yako ya kulipia matembezi ya siku moja kutoka Mang'ula. Mtu akikuahidi kipunji kwenye njia ya Sanje, tafuta mwongozaji mwingine. Chura wa Kihansi, ambaye alitoweka porini na kurudishwa mwaka 2012, anaishi kwenye korongo lake linalonyunyiziwa maji kwa mabomba. Hayumo katika ziara yoyote ya hapa.

Vifaa vinaharibu safari nyingi kuliko ukosefu wa wanyama. Darubini ndogo ya 10x25 haifai, kwa kuwa msitu una giza. Gawanya namba ya pili (upana wa lenzi kwa milimita) kwa ya kwanza (mara inazokuza): 25 kwa 10 ni 2.5, lakini kwa darubini ya 8x42, 42 kwa 8 ni zaidi ya 5, na hiyo ndiyo inayopitisha mwanga wa kutosha kutofautisha mbega na kivuli chake. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na kupe, na mikono mirefu ivaliwe pembezoni mwa msitu, ambako upupu hupenda kuota. Kwa Mwanihana beba fulana nzito na blanketi la kulalia la maana: joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita elfu moja, hivyo anayeondoka Mang'ula kwenye nyuzi 30 atakuta kama 19 mchana kwenye kilele cha Mwanihana, na usiku chini zaidi.

Juni hadi Oktoba ndiyo miezi tunayoipendekeza. Kuanzia Machi hadi Mei njia hugeuka matope, na kuvuka mito kunaweza kukufungia njiani. Huo ndio wakati maporomoko yanapopendeza, lakini mlima haupandiki kwa raha.

Malipo ya hifadhi za taifa si ya fedha taslimu: jiandae kwa kadi au namba ya malipo, na fanya hivyo kabla ya kufika ikiwa simu yako inasumbua mtandao. Mtanzania na mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kwa kiwango chao, kilicho chini sana kuliko cha mgeni, mradi kitambulisho kiwepo mkononi. Ada ya mwongozaji na ya askari huhesabiwa mbali na kiingilio, kwa hiyo omba jumla iandikwe kabla ya kuanza. Wapagazi wa Mwanihana wapangwe siku moja kabla, na mkubaliane nao uzito wa mzigo na nani anabeba chakula chao.