Yamaha PC-100 na kadi zake za sumaku: uzoefu wangu

Anayetaka kununua Yamaha PC-100 leo akague kwanza kadi na mahali zinaposomewa, sauti baadaye. Hiki ni kinanda kidogo cha mwanzoni mwa miaka ya 1980, cha mfumo ambao Yamaha iliuita Playcard. Vitufe vyake ni vidogo, na mkono wa mtu mzima huvizoea polepole. Midundo na sauti zake ni za kawaida kwa zama zile. Kilichonifanya nikipende ni kadi.

Kadi yenyewe ni karatasi ngumu iliyochapwa noti za wimbo, na ukingoni ina ukanda wa sumaku. Ukiipitisha kwenye mfereji ulio juu ya kinanda, melodia na akordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) huingia kwenye kumbukumbu. Kinanda kinaweza kukupigia wimbo mzima, au kikapiga akordi huku taa zilizo juu ya vitufe zikikuonyesha noti inayofuata na kukungoja uibonyeze. Kwa mwanafunzi hili ni jambo kubwa: macho yanafuata noti kwenye karatasi ileile iliyoleta wimbo, na mkono unafuata taa. Hata ukanda ukifa, karatasi bado inasomeka na wimbo unapigika.

Kupitisha kadi kunahitaji mkono mtulivu. Kichwa cha kusomea hufanya kazi kama kile cha redio kaseti: umeme unaozalishwa hutegemea kasi ya alama za sumaku zinazopita mbele yake. Ukivuta polepole mno, ishara inakuwa dhaifu. Ukianza taratibu kisha ukavuta ghafla katikati, nafasi kati ya alama zinabadilika na kinanda kinapotea. Mimi huukandamiza ukingo wa chini hadi ukae vizuri ndani ya mfereji, kisha navuta kwa mwendo mmoja bila kusita hadi kadi itoke kabisa. Makosa mengi niliyoyaona yanatokea mwishoni, mtu anapoinua kona ya kadi kabla haijamaliza kupita.

Kadi zikigoma, jaribu tatu tofauti kabla ya kushika bisibisi. Moja ikigoma na mbili zikasomeka, ubovu uko kwenye kadi. Zote zikigoma, uko kwenye kichwa, na mara nyingi ni uchafu tu. Uchafu mdogo una madhara makubwa kuliko unavyodhani: kwa alama zenye urefu wa wimbi (yaani umbali ambao mpangilio wa alama huanza kujirudia) wa milimita 0.2, vumbi la milimita 0.05 kati ya ukanda na kichwa hupunguza ishara hadi kama moja ya tano.

Kusafisha hakuhitaji kufungua kinanda. Kata karatasi ngumu yenye unene wa kadi, ivishe kitambaa chembamba kisichoacha nyuzi, kiloweshe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha kikamue hadi kisidondoshe tone. Kinanda kikiwa kimezimwa, pitisha mara tano, geuza upande safi, pitisha tena mara tano. Subiri dakika 10 ndipo uwashe. Petroli na asetoni ziweke mbali, zinayeyusha plastiki. Kama bado hakisomi, kifungue ukague kinachokandamiza kadi dhidi ya kichwa. Mpira ukizeeka huwa mgumu au wenye kunata, na chemchemi ikilegea kadi inaelea. Pia tazama nyaya nyembamba za kichwa pale zilipochomelewa kwa risasi.

Kadi iliyokunjamana nailaza chini ya vitabu vizito kwa siku mbili. Usiipige pasi. Mkwaruzo unaokata ukanda kwa upana wake hauna dawa, kwa kuwa alama zimeondoka pamoja na rangi ya sumaku. Zihifadhi zikiwa zimesimama ndani ya bahasha za karatasi, mbali na spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku. Hapa ndipo Casiotone 701 ya Casio, inayosoma nyimbo kwa kalamu ya mwanga kutoka kwenye misimbo pau, inapoishinda Yamaha: wino hauogopi sumaku. Ila kwa mtoto, kuvuta kadi mara moja ni rahisi kuliko kufuatisha mistari kwa kalamu.

Muuzaji akikuambia kinanda kinawaka, mwombe video ya kadi tatu zikipitishwa moja baada ya nyingine, na picha ya ndani ya kisanduku cha betri. Unga mweupe wa betri za alkali huondolewa kwa siki kidogo kwenye pamba. Uvujaji wa betri za kaboni na zinki huondolewa kwa magadi yaliyochanganywa na maji. Malizia kwa spiriti. Adapta usiiamini kwa kuwa plagi yake inaingia tu: soma alama za volti na za chanya na hasi kwenye kinanda, kisha pima adapta kwa mita. Kitufe kisicholia, au kinacholia ukikikandamiza sana, kwa kawaida kina uchafu kwenye mguso wa kaboni ulio chini yake. Spiriti kidogo, bila kusugua kwa nguvu. Mngurumo usiokoma hunipeleka kwenye kapasita za elektroliti, vile vipande vya saketi vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi. Ninapobadilisha naweka zenye thamani ileile, volti sawa au zaidi, na upande wa hasi pale pale ulipokuwa.

Na kabla kadi zako hazijachakaa, piga skani karatasi zake, kisha urekodi ishara ya kila ukanda kwenye kompyuta, kutoka mahali ishara inapotokea baada ya saketi ndogo inayokuza ishara ya kichwa, kwa sampuli (vipimo vya ishara) 48,000 kwa sekunde, bila kubana faili. Rekodi kila kadi mara tatu, maana mvuto mmoja ukiharibika katikati unabaki na mingine miwili.