Fundi wa dishi aliyeuokoa mwembe wetu, Kigamboni

Jamani leo nimetimiza wiki 3 tangu dishi lifungwe vizuri ndo nikaona niandike, maana kabla ya hapo tulikaa miezi 2 na lililofungwa vibaya na hela nilishatoa. King'amuzi ni cha Azam, dishi la sentimita 90, vifaa vyenyewe sina ugomvi navyo, nazungumzia mafundi wawili waliokuja kufunga.

Wa kwanza alikuja na spana na roli la waya begani, dakika 40 kamaliza, kachukua elfu 35. Picha ilikuja kweli. Jioni chaneli zikaanza kuganda, sura za watu zinakatika vipande vipande, taarifa ya habari ya saa 2 mama anasikia neno moja matatu yanapotea. Nikampigia akarudi, kasimama uani kaangalia magharibi, kasema tatizo ni mwembe, umeziba signali, ukatwe au tupunguze matawi yote ya juu. Ule mwembe kaupanda marehemu babu. Mama siku ile hakuongea kabisa, na mimi nilishaanza kuulizia mtu wa msumeno.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Alichelewa masaa mawili, hilo lazima niseme. Ila alipofika hakukimbilia kupanda ngazi, aliomba rimoti kwanza, akaingia kwenye menyu akaniita nione ile mistari miwili ya signali, wa nguvu ulikuwa 78, wa ubora 31. Akaniambia bro usidanganyike na nguvu, huo mstari unaweza kupanda hata dishi likiwa limeangalia kusikohusika, picha inaletwa na ubora.

Halafu akaja kwenye mwembe. Matangazo ya Azam yanashuka toka satelaiti ya kampuni ya Eutelsat iliyoko longitudo ya nyuzi 7 mashariki (sisi Dar tuko mashariki zaidi yake), juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Ukiwa Dar unaitafuta magharibi ukikunja kidogo kaskazini, na iko juu kama nyuzi 51, yani zaidi ya nusu ya safari kutoka upeo wa macho mpaka utosini. Akanisimamisha jirani na dishi ninyooshe mkono usawa huo, mkono ukapita mbali kabisa juu ya kilele cha mti. Mwembe uko hatua 15 toka ukutani, wala haukuwa njiani! Nikamwita mama atoke nje aone mwenyewe.

Kosa lilikuwa LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Mawimbi yanakuja ya aina mbili, mengine yamelala mengine yamesimama, na LNB inabidi ikae pembe ileile yanayokuja nayo ndo iyatenganishe. Sasa sisi tuko karibu na ikweta na satelaiti iko mbali upande wa magharibi, kwahiyo LNB inazungushwa mpaka inakaribia kulala ubavu, kama nyuzi 75 hivi toka ilivyosimama. Yule wa kwanza aliizungusha nusu tu akaachia hapo. Huyu kalegeza skrubu ya kishikio, anaizungusha taratibu kwa vidole viwili, mimi niko sebuleni nasoma namba kwa sauti dirishani, 31, 38, 52, 60, 55, rudi rudi, 61 hapohapo usiguse.

Bado akasema haitoshi. Kaniambia zima king'amuzi kabisa, maana ule waya unapandisha volti 13 au 18 kwenda kwenye LNB na hafungui konekta umeme ukiwepo. Kufungua tu, shaba ya katikati imeota kijani, huku kwetu upepo wa bahari unakula kila kitu, na uzi mmoja wa ile nyavu ya nje umeinama karibu unagusa shaba. Akakata kipande, akamenya upya, akaweka konekta mpya na kuivalisha mpira, waya akauachia kitanzi kinachoning'inia ili maji ya mvua yadondokee pale yasifuate njia ya kuingia.

Mwisho akashika ukingo wa dishi akalivuta kidogo sana, akalisukuma, juu, chini, na mimi nasoma namba. Dishi la ukubwa huu ukisogeza ukingo sentimita 1 tu unaweza ukapoteza kila kitu. Nati alikaza kwa zamu, huku kidogo kule kidogo, kwasababu ukikaza upande mmoja mpaka mwisho dishi linajisogeza lenyewe. Ubora ukasimama 74.

Kachukua elfu 25 na konekta mbili humohumo. Mvua kubwa ya juzi ilikata picha kama dakika 10 ikarudi yenyewe, hilo alishanitahadharisha, mawimbi haya ya Ku, yani masafa yanayotumiwa na madishi madogo kama hili, yanamezwa na mvua nzito hata ufunge vipi. Nampa 9 kati ya 10, hiyo moja ni ya kuchelewa.

Kabla hajaondoka alichora mstari kwa maka peni kwenye nguzo na kwenye kishikio cha dishi vikiwa vimepangana, akaniambia siku upepo ukilisogeza nirudishe tu mistari ikutane ndo nimpigie kama bado inasumbua. Jumapili kulikuwa na upepo wa kutisha, asubuhi nikapanda ngazi kuangalia, mistari bado imekutana.