Trela au kujenga shambani? Nilivyozipanga kwa ubora nyumba za nje ya mji Marekani

Kila nikienda harusi ya ndugu zetu huku Texas, kabla pilau haijaisha kuna mtu atanivuta pembeni: "Kaka, nimechoka kulipa kodi ya apatimenti. Nichukue trela, au nitafute ekari mbili nijenge?" (Trela kwetu ni nyumba inayoletwa ikiwa imejengwa kiwandani.) Nami humrudishia swali: ardhi iliyo chini ya hiyo nyumba itakuwa ya nani? Mpangilio wangu wote umesimama juu ya swali hilo.

Nyumba za kiwandani sisi huziita zote trela, ila sheria inazitenga. Nyumba iliyotoka kiwandani kuanzia tarehe 15 Juni 1976 imejengwa kwa kanuni za HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, na kila kipande chake kina kibati chekundu kwa nje. Ndani, mara nyingi kwenye kabati la jikoni au karibu na sanduku la umeme, kuna karatasi inayotaja kanda ya upepo, yaani upepo wa nguvu gani nyumba ilijengwa kuuhimili: I (mdogo), II au III (mkali zaidi). Isome kabla hujatoa senti. Nyumba ya kanda ya I usiinunue ukaipeleka Galveston, pwani ya vimbunga.

Ninayoiweka juu kabisa ni nyumba ya kiwandani, mpya au ya miaka ya karibuni, iliyofungwa kwenye msingi wa kudumu juu ya ardhi yako mwenyewe. Mwaka 2023 wastani wa bei ya nyumba mpya ya aina hii ulipita dola 120,000 bila ardhi, na huo uko chini sana ya gharama ya kujenga. Lakini hapa pana mtego. Nyumba hii ikitoka kiwandani huhesabiwa mali inayohamishika, kama gari. Ukiikopea hivyohivyo, riba inakuwa juu, miaka ya kulipa inakuwa michache, na ukikwama mkopeshaji anaichukua upesi kuliko benki inavyochukua nyumba ya kawaida. Ukiisajili pamoja na ardhi, kisheria inakuwa nyumba, na unaweza kuomba mkopo wa nyumba wa miaka 30. Muuzaji wa yadi hana haraka ya kukueleza haya, hasa akiwa na mkopeshaji wake chumba cha pili. Muulize wewe, na ukague mkataba umeandika nini.

Ya pili haijulikani sana kwetu, na hilo hunisikitisha. Wizara ya Kilimo, USDA, ina mpango wa familia za kipato cha chini vijijini kujengeana nyumba. Familia kadhaa zinaunganishwa chini ya msimamizi wa ujenzi, zinafanya angalau asilimia 65 ya kazi, na kwa kawaida hakuna anayehamia mpaka nyumba zote zikamilike. Msaragambo hasa, isipokuwa huu una fomu. Mkopo unaoambatana nao, wa kifungu cha 502, kwa kawaida hauna kianzio (malipo ya awali), hulipwa kwa miaka 33, na kwa wenye kipato kidogo riba yake inaweza kushushwa hadi asilimia 1. Wakazi wa kudumu nao wanaweza kuomba, si raia peke yao. Ningeuweka wa kwanza kama ungekuwepo kila mahali, na kama kila mtu angekuwa na jioni na wikendi za kushika nyundo kwa miezi. Anayefanya zamu mbili kiwanda cha nyama hana.

Kujenga kwa mkandarasi ni ya tatu. Nyumba inakuwa vile unavyoitaka, na kuiuza baadaye ni rahisi. Ila mkopo wa ujenzi hutolewa kwa awamu, mkaguzi akithibitisha kila hatua, na huku ungali unalipa kodi ya unakoishi. Kama huna akiba ya kuziba pengo, nyumba itasimama nusu. Kati ya hii na ile ya kwanza ipo ya vipande vya kiwandani vinavyojengwa kwa kanuni za jimbo, haina kibati chekundu, na benki huichukulia kama iliyojengwa palepale. Ni nzuri, bei nayo imepanda mlima.

Ya nne ni trela kwenye uwanja wa kupanga. Nyumba yako, ardhi ya mwingine. Kodi ya kiwanja ikipanda utasema nini? Kuihamisha ni maelfu ya dola, na benki nyingi haziitaki nyumba iliyokwisha kuhamishwa. Kwa miaka miwili ya kujipanga, sawa.

Nyumba ya kiwandani ya kabla ya Juni 1976 siiweki kabisa kwenye mpangilio wangu. Hata ukipewa bure, kuna kaunti hazitakuruhusu kuiweka.

Sasa ardhi yenyewe, maana hapo mimi mwenyewe niliponea chupuchupu. Nilipata ekari tatu, miti mizuri, bei ya kuchekesha. Muuzaji akaapa kwamba ni "tayari kwa nyumba". Kijijini hakuna bomba la majitaka, kwa hiyo unahitaji karo, yaani shimo la majitaka, na kaunti haitoi kibali cha karo mpaka udongo upimwe kama unaweza kunyonya maji. Wangu ulikuwa udongo wa mfinyanzi mtupu, haunyonyi. Kilichoniokoa ni sentensi moja kwenye mkataba: udongo ukikataa, kianzio kinarudi. Iandikishe hiyo sentensi. Kisha uliza kisima kitachimbwa futi ngapi, maana hulipwa kwa futi. Nguzo ya umeme iko umbali gani. Barabara ya kuingilia ni haki yako au ni hisani ya jirani. Na ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali la kushughulikia maafa, inayotazamwa bure mtandaoni, inasemaje. Soma pia masharti yaliyofungwa kwenye hati. Kaunti inaweza kuruhusu nyumba ya kiwandani, hati ikakataza.

Na yule anayekuambia umlipe mwenyewe kila mwezi, bila benki, hati atakupa ukimaliza? Huo mkataba mpelekee mwanasheria kwanza. Kwenye mingi ya namna hiyo hati inabaki kwake mpaka dola ya mwisho, na ukichelewa unaweza kupoteza ardhi na yote uliyokwisha kulipa, pamoja na hilo trela uliloliweka juu.