Praat darasani: mstari wa buluu unaomwonyesha mtoto sauti yake ikipanda na kushuka

Katika Kiingereza cha kuzungumza, kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ndicho humpa mwalimu taabu kuliko vyote kwa sababu hakionekani. Herufi utaiandika ubaoni, "th" utaionyesha kwa ncha ya ulimi kati ya meno, lakini sauti inayopanda mwishoni mwa swali utaionyesha wapi? Praat inaionyesha kwenye skrini. Ni programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na jina lake ni neno la Kiholanzi lenye maana ya "sema". Waliitengeneza kwa ajili ya wataalamu wa fonetiki, na mtoto hakuwa akilini mwao: madirisha ni ya kijivu, menyu zimejaa istilahi, wala hakuna picha au nyota za pongezi. Hata hivyo, kwa watoto wa gredi ya tatu kwenda juu tunaipendekeza bila kusita, mradi mwalimu ndiye anayeiendesha na sentensi zimechaguliwa kwa makini. Programu huchora tu. Kujua kama mchoro ni sawa ni kazi ya sikio la mwalimu.

Kuipata ni rahisi. Kwa Windows unapakua faili moja iliyofungwa kwenye zipu, unaifungua, unaanza kazi. Bando hutumika mara hiyo moja, kisha programu haihitaji intaneti tena. Laptopu ya zamani ya shule inaimudu. Toleo la simu halipo. Kitu cha kutoa pesa ni maikrofoni, na hapa wengi hukosea wakifika Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki jijini Nairobi: hununua hedifoni za simu zenye pini ya pete tatu nyeusi, halafu laptopu ya zamani yenye matundu mawili, la kusikiliza na la maikrofoni, haisikii kitu. Ama ununue na kebo ya kugawanya, ama uchukue maikrofoni ya USB. Ya USB ina shida chache zaidi.

Ukifungua Praat madirisha mawili hutokea. La kulia ni la kuchorea picha za vitabu, lifunge. Kwenye lililobaki nenda "New", kisha "Record mono Sound". Maikrofoni ikae kama sentimita kumi kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi ya "p" isiipige. Bonyeza "Record", mtoto aseme, uangalie kipimo: kijani ni sawa, kikigonga nyekundu msogeze nyuma. "Stop", halafu "Save to list & Close", halafu "View & Edit". Hapo utaona mawimbi juu na wingu la kijivu chini, na ndani ya wingu hilo mstari wa buluu. Ondoa wingu na mistari mingine yote kwenye menyu, ubakishe huo wa buluu peke yake. Mtoto akiona wingu atauliza kuhusu wingu, na dakika tano zimeenda. Kitufe cha "Tab" huchezesha sauti.

Sasa jambo ambalo likikosewa kila kitu huharibika: mipaka ya sauti. Praat hutafuta kiwango cha sauti kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) za chini na za juu ambazo mtumiaji anaweza kuziweka mwenyewe, na zinazokuja nazo hazikupangwa kwa ajili ya mtoto wa miaka minane. Kwa watoto weka 150 hadi 600. Kwa mwalimu wa kike 100 hadi 400, wa kiume 75 hadi 300. Ukiangalia vizuri, katika jozi zote tatu mpaka wa juu ni mara nne ya ule wa chini, kwa hiyo mwinuko uleule utachorwa kwa ukubwa uleule, awe ameusema mwalimu mwenye sauti nzito au mtoto. Mwalimu wa kiume akisahau kubadilisha akabaki na mipaka ya watoto, sauti yake ya hezi 120 iko chini ya mpaka: mstari utapotea, au utaruka juu mara mbili ya ukweli. Mruko wa ghafla wa mara mbili au wa nusu kamili, sema kutoka 300 hadi 150 katikati ya neno, ni kosa la programu. Usimwambie mtoto arudie. Ukishuka hadi nusu, pandisha mpaka wa chini kidogo; ukipanda mara mbili, shusha wa juu, mstari utatulia.

Kisha sentensi. Mstari huu hutokana na mtetemo wa nyuzi za sauti, kwa hiyo kila penye sauti sighuna, yaani p, t, k, s, f na wenzake, hukatika. "Is this Susan's cup of coffee?" itatoka vipandevipande, na mtoto atadhani amekosea mahali kadhaa. Isitoshe, sauti sighuna huinua kidogo mwanzo wa irabu inayoifuata, hivyo "tea" huonekana kuanza juu hata pasipokusudiwa. Tumia sentensi zenye m, n, l, r, w, y kwa wingi. "Mary ran away" hutoka kama uzi mmoja. Isemwe kama taarifa, kisha kama swali, na tofauti inajionyesha yenyewe. "Are you in Nairobi?" nayo ni nzuri mno. Na pale ambapo sentensi ya kitabu haikwepeki, kuna njia tunayoipenda kuliko zote: mtoto afumbe midomo aimbe sentensi nzima kwa "mmm" bila maneno. Mvumo hauna sighuna hata moja. Mstari huwa safi, na mtoto anakisikia kiimbo kikiwa kimevuliwa maneno yake.

Hilo swali la Nairobi linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake kuna kosa ambalo sikio la mwalimu hulipita. Rekodi kwanza "Umekula?" ya Kiswahili. Mara nyingi sauti hunyanyuka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, "ku", kisha huteremka kwenye "la". Ni kilima. Mtoto huchukua kilima hicho akakipeleka kwenye Kiingereza: juu kwenye "ro", chini kwenye "bi". Swali la kawaida la ndiyo au hapana katika Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ambacho ndicho vitabu vingi hufuata, huanza kupanda pale kwenye "ro" na kuendelea kupanda hadi mwisho wa "bi". Anayesikiliza atasikia tu kwamba sauti "imepanda", na mtoto naye ameipandisha kweli. Skrini ndiyo humwonyesha kwamba amepanda akashuka. Weka dirisha la mwalimu juu na la mtoto chini, mfuate kwa kidole ile silabi ya mwisho. Wala asikemewe kwa kilima chake, kwa sababu kwa Kiswahili amesema sawasawa. Watoto wenye Kikuyu au Dholuo nyumbani wamezoea lugha ambamo sauti ya juu na ya chini hutofautisha hata maneno, basi sikio lipo. Wanahitaji kuonyeshwa tu mahali pa kulielekeza.

Programu pia itafichua kanuni mbovu iliyoenea madarasani, kwamba kila swali hupanda. Maswali ya "where", "what", "who" kwa kawaida hushuka. Rekodi "Where do you live?" ikipanda, na itasikika kama mtu ambaye hakusikia jibu anauliza tena, au anayembembeleza mgeni. Orodha nayo hupanda kwa kila kitu na kushuka kwa cha mwisho, kama "a lemon, a melon and a mango". Vijiswali vya mwisho wa sentensi kama "isn't it?" viache hadi gredi ya sita hivi, kwa kuwa vikishuka vinaomba tu kukubaliwa na vikipanda vinauliza kweli, na watoto wadogo huchanganyikiwa. Mwalimu akumbuke pia kwamba huko Belfast, mji wa Ireland ya Kaskazini, kwa mfano, taarifa za kawaida hupanda mwishoni, kwa hiyo mtoto asiambiwe kamwe kwamba wasemaji wote wa Kiingereza husema hivi.

Kelele ni adui mkubwa wa Praat hapa mjini. Honi ya matatu ni sauti yenye kiwango thabiti, na programu itaichora kama mstari ulionyooka katikati ya sentensi ya mtoto. Mvua kwenye bati hufuta mstari kabisa. Chumba cha vitabu kilichojaa makaratasi kinafaa kuliko darasa la kuta tupu. Watoto watano, sentensi nne, dakika ishirini: zaidi ya hapo wanaosubiri zamu huanza kupiga gumzo, na gumzo nalo huchorwa. Kabla ya skrini waimbe kwanza wote pamoja kwa "mmm", mkono ukifuata sauti hewani.

Mwalimu naye asiburute mwisho wa sentensi inayoshuka. Sauti ikifika chini kabisa hukwaruza, mstari hupotea, na unapotea palepale ambapo watoto walipaswa kuona mteremko.

Upungufu unaouma zaidi ni wa kuhifadhi. Jina la rekodi huonekana kwenye orodha, nawe unadhani limehifadhiwa, kumbe liko kwenye kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukipotea na betri ya laptopu imechoka, kazi ya somo zima imekwenda. Baada ya kila mtoto chagua rekodi, nenda "Save", uihifadhi kama faili ya WAV. Dakika moja huchukua takriban megabaiti 5. Kwenye jina la faili weka namba ya mtoto na tarehe, jina lake usiliandike, kisha rekodi sentensi ileile tena mwisho wa muhula na kufungua madirisha mawili kando kwa kando mbele yake.