Daftari la safari za gari kutoka Nasser Road: linafaa kwa ritani ya kodi, ila gundi ni mbovu

Mimi ni daktari wa mifugo Tororo, nimejiajiri. Gari ni moja tu: linanipeleka kwa wafugaji wa Mulanda na Nagongera, na hilo hilo linapeleka watoto shule. Mafuta yanakula pesa kuliko dawa. Nilipokuta Nasser Road, Kampala, daftari lililochapishwa maalumu kwa kuandika safari za gari, nililipa shilingi 18,000 bila kuvutana bei. Nimelitumia mwaka mzima wa kodi, kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni, na ritani nimeshapeleka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.

Uzuri wake uko kwenye safu mbili: "sababu ya safari" na "kazi/binafsi". Sheria ya kodi ya mapato inakubali gharama zilizotumika kutafuta mapato, lakini safari ya nyumbani kwenda kazini inaihesabu kuwa ya binafsi. Kwa hiyo kutoka kwangu hadi kliniki ni binafsi, hata kama nimebeba sanduku la chanjo. Kutoka kliniki hadi kwa mfugaji ni kazi. Mstari wangu mmoja unasomeka: kliniki hadi Mbale, kilomita kwenye dashibodi 184,210–184,256, kuchukua chanjo, kazi. Unaofuata: sokoni na mke wangu, binafsi.

Mwisho wa mwaka unajumlisha. Tuseme gari limetembea kilomita 20,000 na 15,000 ni za kazi. Basi robo tatu ya mafuta, sevisi, matairi na bima ndiyo unayoitoa kwenye mapato. Ukiwa umetumia mafuta ya milioni 8, unatoa milioni 6. Jamani, tuelewane hapa: kodi yenyewe haipungui milioni 6, yanayopungua ni mapato yanayotozwa kodi.

Nilishawahi kujaribu programu ya simu ya Marekani. Ilikuwa inazidisha kila maili kwa senti 70 za dola, kiwango cha huko cha mwaka 2025. Kwetu zinaangaliwa gharama ulizolipa kweli, kwa risiti, kwa hiyo jumla ile haikunisaidia kitu.

Sasa kasoro. Gundi ya mgongo iliachia mapema, nikashona kurasa kwa uzi wa kushonea vidonda vya ng'ombe. Kubwa zaidi, hakuna safu ya namba ya risiti, nami naona hiyo ni lazima. Kituo cha mafuta kinachotumia EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, ukitajie TIN yako (namba ya mlipakodi) kabla risiti haijachapwa, kisha uandike namba yake pembeni ya safari. Risiti yenyewe itoe fotokopi wiki hiyo hiyo, maana karatasi zile zikikaa kwenye joto la gari maandishi yanafutika, na kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5. Karatasi ya daftari ni nzito, wino hautokezi upande wa pili.

Wenye maduka wanaolipa ile kodi ya wafanyabiashara wadogo, ya mauzo kati ya milioni 10 na 150 kwa mwaka, wasilinunue kwa sababu ya kodi. Kwao mauzo ndiyo yanayotozwa, gharama hazitolewi.

Mimi nitanunua mawili safari ijayo, la gari na la pikipiki ya msaidizi wangu, na nitamwomba mchapishaji aongeze ile safu ya risiti.