Karamu au uji: njia mbili za kula Kiteochew Singapore
Katika mgahawa wa jadi wa Kiteochew (mapishi ya Wachina wenye asili ya eneo la Chaozhou, kusini mwa China), mezani hutangulia kaa baridi na bata aliyepikwa polepole katika mchuzi wa soya, na mwishoni huletwa magimbi yaliyopondwa kwa sukari na, kwa kawaida, mafuta ya nguruwe (asiyekula nguruwe aulize mapema). Kibandani mambo ni mepesi: uji wa mchele wenye maji mengi, punje zikiwa bado nzima tofauti na ule wa Kikanton (jamii nyingine ya Wachina) unaorojeka, huliwa kwa yai la chumvi na mboga zilizochachushwa, ambazo mteja huzionyesha kwa kidole. Aliye peke yake atafaidi zaidi uji. Hata hivyo, kwa samaki wa mvuke mwenye plamu za chumvi na nyanya, ningechagua mgahawa.