Kompyuta mpya, kosa lilelile kila asubuhi: uzoefu wangu wa wiki tano

Nina steshenari ndogo Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Natoa kopi, nachapa, nabaindi ripoti za wanafunzi, na zaidi ya yote nawajazia watu fomu za mtandaoni: mikopo ya elimu ya juu, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, maombi ya ajira serikalini. Kompyuta ikigoma asubuhi, siku yangu imeharibika.

Mashine ninayoizungumzia ni ya mezani, imeunganishwa kipande kwa kipande kwenye duka moja la Kariakoo. Ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 16, diski ya SSD ya GB 256 yenye Windows, na diski nyingine ya TB 1 ya kuhifadhia kazi za wateja. Nililipa shilingi 1,150,000 nikapewa karatasi ya waranti ya mwaka mmoja. Kwa kazi yenyewe sina lawama nayo. Nafungua ripoti ya kurasa 120 yenye picha huku printa inatoa kopi, na haistuki. Tatizo lilikuwa kuiamsha.

Asubuhi ya pili tu baada ya kuinunua, niliiwasha ikatoa mlio mmoja, skrini ikabaki nyeusi na mistari mitatu ya maandishi meupe kona ya juu kushoto. Ilisema mipangilio ya CMOS, yaani ile ya mwanzo ambayo kompyuta huitunza hata ikiwa imezimwa, imepotea, tarehe na saa hazijawekwa, nibonyeze F1 kuendelea. Nikabonyeza. Ikazunguka kidogo, kisha ikaniambia haioni diski ya kuanzia. Nikaizima, nikaiwasha tena, nikahangaika na F1 na F2 mpaka Windows ikafunguka. Saa pale chini ilisoma Januari mosi, 2021.

Ningeweza kulivumilia hilo kama lingeishia kwenye saa. Lakini siku ya nne alikuja binti kuomba mkopo, amebakiza siku mbili dirisha lifungwe, na kila tovuti niliyofungua ilikataa. Kivinjari kilisema muunganisho si salama. Intaneti ilikuwepo, bando lilikuwepo. Ilinichukua karibu nusu saa kugundua kuwa ni tarehe. Kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kompyuta hukikagua kwa kutumia saa yake yenyewe. Kompyuta inayoamini tuko 2021 inaona cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kutumika, hivyo inakikataa. Nilirekebisha tarehe kwa mkono, tovuti zikafunguka. Yule binti alikuwa ameshaanza kulia.

Nikafunga boksi, nikachukua bajaji hadi Ubungo, kisha mwendokasi hadi Gerezani, sipiyu nimeipakata kama mtoto. Dukani kijana wa ufundi akaichomeka, kosa likatokea mbele ya macho yetu sote wawili. Akabonyeza F1, akapanga saa, kisha akaizima na kuiwasha mara tatu. Mara zote tatu ikawaka safi. "Dada, hapa ni Windows imeharibika, tunapiga upya." Waranti haihusu programu, kwa hiyo nikatoa 20,000 ya kuiweka Windows upya. Asubuhi iliyofuata, kosa lilelile.

Nilirudi tena wiki iliyofuata. Safari hii wakasema SSD inakufa, kwa sababu wakati mwingine haionekani, nikakataliwa waranti kwa maelezo kwamba "umeme wa nyumbani" ndio ulioiunguza, nikaambiwa mpya ni 90,000. Hapo nilikataa. Sikuwa na ujuzi wa kumbishia fundi, lakini jambo moja lilikuwa limenikaa kichwani: yale maandishi meupe yanatokea kabla hata nembo ya Windows haijaonekana. Kompyuta ikiwashwa, mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani unaobeba vifaa vyote, hukagua kwanza vilivyomo, kuanzia prosesa na RAM hadi kibodi na diski, ndipo huikabidhi kazi Windows. Kosa linalotokea katika hatua hiyo, Windows haijaamka bado. Utaipigaje upya iwe dawa ya jambo lililotokea ikiwa imelala?

Niliporudi steshenari nikaanza na RAM, kwa kuwa kila mtu husema RAM. Nilichomoa waya wa umeme, nikatoa vipande vyote viwili, nikafuta meno yake ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli, nikarudisha mpaka vishikizo vikalia ta! pande zote. Hakuna kilichobadilika. Nikaweka MemTest86 kwenye flashi, ni programu ya bure ya kupimia RAM inayojiendesha bila Windows, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi nilikuta makosa sifuri. Nikaizima, nikaiwasha, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue ikawaka asubuhi bila neno, tarehe sahihi, saa sahihi.

Nilifurahi, nikadhani kile kifutio kimefanya kazi polepole. Kesho yake kosa likarudi.

Nikakaa nikijiuliza usiku ule ulikuwa na tofauti gani na usiku mwingine. Tofauti ilikuwa ukutani. Kila jioni nikifunga, nazima swichi ya soketi, kwa sababu ya LUKU na kwa sababu naogopa umeme ukikatika usiku ukarudi kwa kishindo. Usiku wa MemTest86 sikuizima. Na kule dukani kijana aliizima na kuiwasha mara tatu kwa kitufe cha mbele tu, waya ukiwa ndani muda wote.

Hapo ndipo penyewe. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa, hata ukiizima, pawasaplai inaendelea kuipa mazabodi umeme mdogo. Ukikata soketi, kinachobaki kulinda saa na mipangilio ni kibetri kimoja cha mviringo kwenye mazabodi, CR2032. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kikichoka, kila ukikata umeme wa ukutani mazabodi inasahau kila kitu. Saa inarudi mwanzo, na mpangilio wa diski ipi ianze nao unapotea, ikawa inaitafuta Windows kwenye ile diski ya TB 1 ambayo haina Windows. SSD yangu haikuwa inakufa. Ilikuwa haiulizwi.

Mbele ya fremu yangu kuna kijana fundi simu. Nilimpelekea kile kibetri mkononi, akaweka ncha mbili za mita yake: volti 2.1. Akachukua kipya kutoka kwenye pakiti, kikasoma 3.2. "Hiki kimekwisha, mama," akasema, na kurudi kwenye simu yake. Nilikinunua kwa 2,000. Kukiweka ni kazi ya dakika moja: waya nje, sukuma kishikizo kidogo cha pembeni kinaruka chenyewe, weka kipya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Kisha niliingia bayosi, ukurasa wa mipangilio ya mazabodi, nikapanga tarehe, nikaweka SSD iwe ya kwanza, nikahifadhi kwa F10. Leo ni siku ya kumi na tisa, soketi nazima kila usiku kama kawaida, na haijakosea hata mara moja.

Nilirudi Kariakoo na kile cha zamani kwenye kimfuko. Mwenye duka alikipima mwenyewe, akaniomba radhi na kunirudishia ile 20,000. Nauli na siku mbili za kufunga biashara sikudai. Kibetri cha namna hii hudumu miaka kadhaa, kwa hiyo mazabodi yenye kibetri kilichokwisha wiki ya kwanza huenda imekaa stoo muda mrefu sana au ilishatumika mahali. Nilimwambia hivyo usoni, kwa heshima, na bado nasubiri jibu.

Mashine naipa nyota nne. Huduma ya duka naipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya ile radhi. Ukienda kununua ya kuunganishwa, usiridhike kuiona imewaka mezani. Mwambie fundi achomoe waya, abonyeze kitufe cha kuwasha mara mbili tatu kumaliza umeme uliobaki ndani, msubiri dakika kumi, kisha achomeke na kuiwasha wewe ukiwa umeikodolea macho ile kona ya juu kushoto.